Kompyuta ya gemu inajizima na kujiwasha yenyewe: mwongozo kamili wa kutafuta ugonjwa

Uko katikati ya mechi, skrini inakuwa nyeusi, feni zinanyamaza kama sekunde mbili, halafu taa zinawaka na nembo ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta) inatokea kana kwamba hakuna lililotokea. Dakika kumi baadaye, tena. Kesho yake inacheza saa nne mfululizo bila tatizo, na keshokutwa inazimika wakati unasoma barua pepe tu.

Natengeneza kompyuta hapa Tanga jioni nikitoka kazini, na katika mashine zote zinazoletwa mezani kwangu, hizi ndizo zinazowamaliza watu pesa. Iliyokufa kabisa haina usumbufu: unatafuta kilichoungua, unabadilisha. Hii inayozimika ikijisikia humfanya mwenyewe anunue RAM (kumbukumbu ya muda), akose; anunue kadi ya grafiki, akose; mwisho anaiuza kwa bei ya kutupa. Mpwa wangu nusura afike huko. Alikuwa na kadi ya RTX 3070 aliyoinunua ikiwa imeshatumika, mafundi wawili wakamwambia kadi imekufa, na tayari alikuwa amepata mtu wa kuichukua kama spea. Kadi ilikuwa nzima. Nitaeleza kilichokuwa kinaiangusha tukifika mahali pake.

Mwongozo huu ni wa kompyuta ya mezani yenye Windows 10 au 11. Utahitaji bisibisi ya nyota, flashi moja tupu, brashi laini na daftari. Daftari usiliruke. Kila inapozimika andika saa, ulikuwa unafanya nini, ilizimika namna gani, na nini kingine kilikuwa kinatumia umeme nyumbani. Kabla ya yote nakili mafaili yako muhimu kwenye diski nyingine, maana kuzimika ghafla mara kwa mara huharibu data. Na kuanzia hapa, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya, na ugonjwa ukirudi unaanza upya.

Hatua ya 1: Angalia inavyokufa

Namna inavyozimika inakueleza nusu ya habari. Ikikatika ghafla kama mtu aliyechomoa waya, kisha ikajiwasha, washuku umeme, pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) na kebo zake. Ikizimika na kubaki imezimika, na ukigusa kasha ni la moto, shuku joto kwanza. Ikitoa skrini ya bluu (kwenye matoleo mapya ya Windows 11 ni nyeusi) yenye maandishi kabla ya kuanza upya, Windows yenyewe iliona kosa na imeliandika. Hapo RAM, draiva (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) na prosesa (ubongo wa kompyuta) ndivyo vya kuangalia. Ikiwa picha ndiyo iliyopotea lakini feni zinaendelea kuvuma na sauti ya wenzako bado unaisikia masikioni, elekea kwenye kadi ya grafiki na draiva yake.

Shida ni kwamba skrini ya bluu mara nyingi hupita haraka hadi mtu anadhani mashine imejiwasha tu, kwa sababu Windows imewekwa ijianze upya baada ya kosa. Iondolee tabia hiyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye "Advanced", kisha kwenye sehemu ya "Startup and Recovery" bonyeza "Settings", na uondoe tiki kwenye "Automatically restart". Sasa kosa la bluu likitokea litabaki kwenye skrini mpaka ulipige picha kwa simu. Ikiwa bado inakatika bila kuonyesha chochote, umeshajifunza jambo kubwa: Windows haikupewa hata nafasi ya kulalamika.

Hatua ya 2: Soma ilichoandika

Bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc. Fungua "Windows Logs", kisha "System", na utafute saa uliyoiandika kwenye daftari. Karibu kila mara utakuta tukio jekundu la Kernel-Power lenye namba 41. Wengi wakiliona hilo hukimbilia kununua pawasaplai kwa sababu ya neno "Power". Tukio namba 41 linasema kitu kimoja tu: kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu. Halisemi kwa nini.

Lifungue, nenda "Details", utafute "BugcheckCode". Ikiwa ni 0, Windows haikuona kosa lolote kabla ya kukatika, na hilo linaelekeza kwenye umeme, pawasaplai au joto. Ikiwa ni namba nyingine, ni kodi (namba ya kosa) ya skrini ya bluu iliyoandikwa kwa mfumo wetu wa kawaida wa kuhesabu. Kwa mfano 278 ndiyo 0x116, kadi ya grafiki au draiva yake imekwama. 292 ndiyo 0x124, prosesa imeripoti kosa la vifaa. 26 ndiyo 0x1A, usimamizi wa kumbukumbu, na hapo RAM inakuwa mshukiwa wa kwanza.

Tafuta pia matukio yenye jina WHEA-Logger. Namba 18 ni kosa kubwa la vifaa lililoiangusha mashine, na maelezo yake hutaja kiini cha prosesa kilichohusika. Kodi ile ile ikijirudia kila siku, una mshukiwa mmoja. Kodi zikibadilika kila mara, leo hii kesho ile, nianzie wapi? Mimi huanza na RAM.

Hatua ya 3: Umeme wa ukutani

Hapa mafundi wengi hupita haraka, nami nakuomba usipite. Tanzania umeme wetu ni volti 230, Kenya 240, lakini jioni mtaa mzima ukiwasha pasi, jiko na pampu, kinachofika kwenye soketi yako kinaweza kuwa kingine. Mwongozo wa ATX, ambao watengenezaji wa pawasaplai hufuata, unataka pawasaplai istahimili pengo la umeme la milisekunde kumi na kitu ikiwa imebeba mzigo. Pawasaplai dhaifu au iliyochoka haifikii hapo. Taa inapepesa kidogo tu, friji inaendelea, televisheni inaendelea, na kompyuta peke yake inakatika.

Kipimo chake ni rahisi. Chomeka taa ya meza kwenye ekstensheni ile ile ya kompyuta na uiweke mahali unapoiona ukiwa unacheza. Ikipepesa wakati kompyuta inakatika, tatizo liko nje ya kasha. Halafu ondoa ekstensheni kabisa na uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani kwa siku mbili. Ekstensheni za bei rahisi zina shaba nyembamba ndani na vyuma vyake hulegea. Ukiishika plagi baada ya saa moja ya gemu na ukaikuta ya moto, itupe. Ikianza kunuka plastiki, usisubiri hata saa hiyo iishe.

UPS nayo ina mitego yake. UPS nyingi ndogo za 650 VA hubeba wati 360 hadi 390 hivi. Kompyuta ya gemu ikiwa kwenye mzigo inaweza kuvuka hapo kirahisi, na umeme ukikatika UPS inazidiwa na kuangusha kila kitu. Tena, UPS za bei ya chini zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa mawimbi yenye ngazi, ambao baadhi ya pawasaplai za kisasa hazielewani nao. Jaribu siku kadhaa bila UPS, mchana, umeme ukiwa umetulia. Kuzimika kukikoma, umempata.

Na kama pawasaplai yako ina swichi nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230, hakikisha iko 230 na usiiguse tena. Ukiiwasha kwa umeme wetu ikiwa 115, italipuka.

Hatua ya 4: Joto na vumbi

Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto na volti za mashine, chagua sehemu ya vipimo pekee, na uiambie iandike vipimo kwenye faili wakati unacheza. Mashine ikizimika, faili linabaki, na mstari wa mwisho unakuonyesha hali ilivyokuwa sekunde chache kabla ya kifo. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, na Ryzen nyingi za AMD huishia 90 au 95. Zikikaribia hapo hupunguza kasi kwanza. Zikizima kompyuta ujue upoaji umeshindwa kabisa: feni imesimama, pampu ya maji imekufa, au hitisinki (chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa) imelegea. Kwa hiyo joto la nyuzi 75 au 80 ukiwa kwenye gemu lisikutishe. Katika chumba cha bati mwezi wa pili hilo ni la kawaida.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi kumaliza chaji iliyobaki, gusa chuma cha kasha, ndipo ufungue. Puliza vumbi kwa bloa ukiwa umeshika feni kwa kidole isizunguke. Angalia katikati ya mapezi ya hitisinki, siyo juu tu. Vumbi letu likichanganyika na unyevu wa pwani hugeuka kuwa kama blanketi. Pesti ya prosesa ikiwa imekauka na kukatika kama udongo, ifute kwa spiriti na upake mpya kiasi cha punje ya dengu.

Hatua ya 5: Pawasaplai na kebo zake

Ikiwa BugcheckCode ni 0, ukuta uko salama na joto liko chini, hapa ndipo utakapokaa muda mrefu.

Anza na hesabu. NVIDIA hupendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa RTX 3060, 650 kwa RTX 3070 na 750 kwa RTX 3080. Namba hizo zinaonekana kubwa kwa sababu kadi za sasa hazivuti umeme kwa utulivu: kwa milisekunde chache mvuto huruka juu sana kuliko wati zilizoandikwa, na pawasaplai inayojilinda inakata. Ndiyo maana mashine inaweza kupita kipimo cha mzigo mfululizo kwa nusu saa, kisha ikafia kwenye gemu pale mlipuko unapotokea kwenye skrini. Usidanganywe na nembo ya 80 Plus pia. Inaeleza umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haikuhakikishii kwamba vilivyomo ndani ni imara. Na pawasaplai zisizo na jina zilizoandikwa wati 700, nyepesi mkononi kama boksi tupu, hizo ziogope.

Sasa kebo. Soketi ya pini nane ya kadi imekusudiwa kubeba wati 150, na sloti ya madabodi wati 75. Kadi yenye soketi mbili inataka kebo mbili zinazotoka kwenye pawasaplai kila moja kivyake. Watu wengi hutumia kebo moja yenye vichwa viwili, kwa sababu inaonekana nadhifu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu. Nilipovuta kichwa cha kwanza kilikataa kutoka. Ilibidi nikiyumbishe taratibu. Kilipoachia, pini mbili za pembeni zilikuwa zimepata rangi ya chai, plastiki yake imevimba kidogo, na chuma cha ndani kimetanuka hadi kilikuwa kinagusa upande mmoja tu. Mguso ule ulipopashwa moto na gemu nzito, umeme ulikatika kwa kitambo kisichoonekana, na mashine ikajianza upya. Nikasafisha soketi ya kadi, nikaweka kebo mbili mpya za pawasaplai ile ile. Mpwa wangu bado anaichezea kadi hiyo.

Kwa hiyo chomoa kila kichwa, kitazame kwa tochi, kinuse, kisha ukirudishe mpaka kisikike "tak". Fanya hivyo kwa kebo kubwa ya pini 24, ya prosesa pale juu, na za kadi. Onyo moja: kebo za pawasaplai zinazochomoka usiziazime kutoka pawasaplai nyingine, hata ya kampuni ile ile. Upande wa kadi hufanana, upande wa pawasaplai mpangilio wa pini unaweza kutofautiana, na utaunguza kila kitu.

Ukitaka kuthibitisha bila kununua chochote, weka programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 70, na kwenye gemu weka fremu zisizidi 60. Cheza jioni mbili. Ikitulia, kadi ikivuta kidogo mashine inaishi, na pawasaplai au kebo ndiyo mshukiwa mkuu. Njia nyingine ni kupima kwa sehemu: endesha Cinebench peke yake, prosesa ifanye kazi, kisha FurMark peke yake, kadi ifanye kazi, kisha vyote viwili pamoja kwa dakika chache tu. Ikistahimili kimoja kimoja na kufa kwa pamoja, jibu unalo. Mwenye mita anaweza kupima laini ya volti 12 wakati wa mzigo: inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6.

Kamwe usiifungue pawasaplai yenyewe. Kapasita zake hubaki na chaji inayoweza kuua hata baada ya kuchomoa waya.

Hatua ya 6: RAM

Ingia BIOS (mipangilio ya madabodi yenyewe, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uzime XMP, au EXPO kwenye madabodi za AMD. Hiyo ndiyo mipangilio inayoikimbiza RAM kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi, na si kila prosesa na madabodi huimudu. Mashine zaidi ya moja zimeniletea kesi hii, na dawa ikawa bure kabisa: kasi ya chini kidogo, utulivu wa moja kwa moja.

Ikiendelea, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Iache imalize mizunguko yote minne, hata ikichukua usiku mzima. Usikubali kosa hata moja. RAM nzima haina "makosa machache". Ikipata kosa, chomoa vipande, upime kimoja kimoja katika sloti ile ile. Kabla ya kukihukumu kipande, futa miguu yake ya dhahabu kwa ufutio safi mbali na madabodi na ukirudishe, kwani sisi wa pwani tunajua unyevu wa bahari unavyofanya kwenye chuma. Vipande viwili kwa kawaida vinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa.

Hatua ya 7: Draiva na Windows

Kama kodi zinaelekea kwenye grafiki, pakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, pakua na Display Driver Uninstaller, zima intaneti, ingia Windows katika hali salama (Safe Mode), ondoa draiva ya zamani yote, kisha weka mpya. Ikiwa tatizo lilianza siku ileile uliposasisha draiva, rudi kwenye toleo la nyuma. Ondoa pia kuongeza kasi kokote ulikokufanya kwenye kadi au prosesa. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi na uendeshe sfc /scannow. CrystalDiskInfo itakuambia afya ya diski kwa dakika moja. Ikiandika "Caution" au "Bad", badilisha diski kwanza.

Hatua ya 8: Prosesa na BIOS

Prosesa nadra kuharibika, ila kuna kisa kimoja kila mwenye Intel ya kizazi cha 13 au 14 anapaswa kukijua. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa nyingi za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa taratibu, zikiangusha gemu, wakati mwingine kwa ujumbe wa kudai kumbukumbu ya video imeisha. Ikatoa marekebisho ya 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba mwaka huo, yanayoingia kupitia BIOS mpya ya madabodi, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Sasisha BIOS leo kama hujafanya. Lakini iliyokwisha kuchakaa haiponi kwa masasisho, kwa hiyo ukinunua i7 au i9 ya vizazi hivyo iliyotumika, ipime kwa mzigo mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa.

Kwenye Ryzen za mwanzo kuna kisa cha kinyume: mashine inastahimili gemu lakini inajianza upya ikiwa imepumzika. Katika BIOS tafuta "Power Supply Idle Control" na uweke "Typical Current Idle".

Unaposasisha BIOS hakikisha umeme hautakatika. Ukikatika katikati ya kazi hiyo, madabodi inaweza isiwake tena.

Vitu vidogo vinavyosahaulika

Kuna kijana alikuja na mashine iliyojianza upya kila alipogonga meza kwa furaha ya goli. Tulipima kila kitu. Mwisho nikachomoa nyaya mbili nyembamba za kitufe cha kuanzisha upya zinazotoka mbele ya kasha, na ugonjwa ukaisha pale pale: kitufe kilikuwa kimepata kutu na kubaki nusu kimebonyezwa. Jaribu hilo mapema, halikugharimu kitu. Tikisa kasha usikilize kama kuna skrubu inayogonga ndani; ikilala nyuma ya madabodi inaunganisha visivyopaswa kuunganishwa. Na kadi kubwa inayoning'inia iwekee kitu cha kuishikilia, kwa sababu ikilegea kwenye sloti hata milimita moja mashine inaweza kuanguka.

Ukifika kwa fundi

Hatua zote zikipita bila jibu, inabaki kubadilishana vifaa na mashine nyingine iliyo nzima: pawasaplai kwanza, kisha RAM, kisha kadi. Madabodi iwe ya mwisho. Mpe fundi daftari lako, picha za skrini ya bluu na faili la HWiNFO, umwombe afunge pawasaplai ya majaribio na mwendeshe gemu ileile inayoiangusha, wewe ukiwepo, kwa saa nzima. Akikuambia kadi imekufa kabla ya kuifunga kwenye mashine nyingine, ichukue kadi yako uende nayo nyumbani.

Ukishabadilisha kilichoonekana kibovu, cheza gemu ileile, saa zilezile za jioni umeme unapochoka. Zipite wiki mbili bila Kernel-Power 41 mpya, ndipo uwashe tena XMP, urudishe kikomo cha kadi hadi asilimia 100, na ufunge ubavu wa kasha.